Siku Kifunguamimba Kiliposifiwa

Sogeeni, jamani, na wa nyuma wasikae kama wageni wa msiba. Hadithi hii ina nchi ndani yake, na nchi yenyewe si yenu. Yenu mnaijua wenyewe. Hii iko mbali sana; ukishaipita yenu unakata kona, unauliza.

Zamani nchi hiyo ikiitwa Tutafika. Ubaya wa jina hilo ni kwamba wananchi walikuwa wakiuliza, lini? Wakubwa wakakaa, wakalijadili swali mpaka chai ikaisha, wakapata dawa: wakabadilisha jina la nchi likawa Tumefika. Toka siku hiyo mtu akilalamikia ubovu wa barabara huulizwa kwa upole, "Unakwenda wapi tena, nawe umeshafika?"

Basi Mkuu wa Tumefika, ambaye cheo chake ni Baba wa Mwendo, alisafiri ughaibuni, akapelekwa kutazama karakana ya bati. Akaona mtu anaingia na mchoro wa kisanduku, anakaribishwa chai, na kabla chai haijapoa kisanduku chenyewe, cha kujaribia tu, kiko mikononi mwake. Kifuniko kinagoma, fundi anakikunja upya, maisha yanaendelea. Baba wa Mwendo alikishika kisanduku kwa mikono yake. Wanasema alilia. Kwao Tumefika mwenye kiwanda akitaka sampuli ya bati, apate kujua tu kama mlango utafunga, aliiagiza ng'ambo, na ilipofika yeye alikuwa ameshafunga kiwanda.

Aliporudi aliunda Wizara ya Haraka pale pale uwanja wa ndege, hajamaliza kushuka ngazi.

Wizara ilianza kazi kwa kishindo. Kwanza ikapiga marufuku ile methali ya haraka haraka haina baraka, na wazee waliokutwa nayo mdomoni wakapewa onyo. Kobe wa bustani ya taifa akawekwa kizuizini. Upelelezi wake ungali unaendelea, taratibu. Kisha akateuliwa Waziri, Dakta Injinia Kimbiza, msomi wa kasi ya ajabu ambaye alipokea shahada kabla ya kufanya mtihani. Kitu kimoja tu kiliwashinda, nacho ni kibao cha wizara cha kutundika mlangoni. Kibao kilikuwa cha bati, na sampuli yake ilikuwa bado inasubiriwa.

*

Nyuma ya soko kuu la mji, pale panapoanza kunuka samaki wa kukaanga na kuishia kunuka chuma kilichoungua, palikuwa na Uwanja wa Nyundo. Mwenye uwanja alikuwa Bi Mashavu binti Kombo, fundi wa bati, mwanamke wa sauti. Akicheka yeye uwanjani, kule sokoni watu hugeuka wakidhani wameitwa. Kwake hapakuwa na siku tupu. Mtu alikuja kuulizia nyumba ya jirani, akabaki mpaka chakula cha mchana, akaondoka anajua nani kaachwa, nani kaposwa, na nyumba ya jirani hakuiona.

Ukimpelekea Mashavu wazo lako, hakudai karatasi. Alichukua boksi la sabuni, akalikata kwa mkasi, akalikunja mbele ya macho yako, akalibana kwa vibanio vya nguo. "Hivi?" "Pana zaidi." "Hivi?" Boksi likikubali, linalazwa juu ya bati, linafuatishwa kwa ncha ya msumari, bati linakatwa, linakunjwa, na adhuhuri kitu kimesimama uwanjani kinametameta. Kitu hicho cha kwanza wao walikiita kifunguamimba.

Na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kifunguamimba katika Uwanja wa Nyundo hakisifiwi. Kahawa inamiminwa, majirani wanaitwa, na kila aliyeshika kikombe ni lazima akitukane. Atafute kasoro, aitaje, na aitaje kwa namna ya kuchekesha. Mwenye ulimi mzito afadhali akae kwake. Asiyeona kasoro, au mwenye adabu za uvivu akasema "kizuri hicho," kikombe chake kinapinduliwa kifudifudi na kahawa inamwagika mchangani, ndiyo ishara kwamba huyo hana la kumfaa mwenzake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na watu wale hawakutaka kumjaribu mgema. Matusi yakiisha, wote wanashika nyundo, kifunguamimba kinalazwa bapa, na cha pili kinaanza kukatwa huku watu bado wanacheka. Haraka yao yote ilitoka hapo: hawakupoteza muda kukipenda kitu.

Mfunguzi wa matusi alikuwa Pandu. Pandu na Mashavu walinyonya ziwa moja. Mamake Pandu aliugua alipojifungua, mamake Mashavu akampakata mtoto wa watu upande wa pili, mmoja huku, mmoja huku. Wakakua hivyo hivyo, mmoja huku, mmoja huku: Mashavu anakata, Pandu anakunja. Na ulimi sasa! Kuna mtu alitengenezewa birika, Pandu akalizunguka, akainama, akasema, "Mdomo huu umemwona nani? Umepinda kama wa mke mkubwa akisikia jina la mke mdogo." Mwenye birika alicheka mpaka akakaa chini, akaliona kosa, akaomba nyundo mwenyewe.

Mwaka huo Mashavu alikuwa na kazi moja rohoni kuliko zote. Dada yake mkubwa, Mosi, alikuwa mpishi wa uji katika shule ya msingi, na moshi wa kuni ulikuwa umemla macho. Daktari alimwambia wazi: masika nyingine moja ya kuni mbichi, Bi Mosi, na utakuwa unawajua watu kwa sauti. Mosi akajibu kwamba watoto hawawezi kushinda na njaa kwa ajili ya macho yake. Mashavu akaapa mbele ya uwanja mzima: kabla ya masika dada yake atakuwa na jiko la bati lenye dohani, moshi upande juu uende zake.

*

Kifunguamimba cha jiko kilisimama uwanjani, na kosa lake lilionekana toka mlangoni. Ndani ya jiko, nyuma ya moto, huwekwa bamba la kuuongoza moshi kwenye dohani. Pandu, kwa kuwa siku hiyo alikuwa akisimulia habari za harusi iliyovunjika, alilikunja bamba likainamia mbele. Moshi badala ya kupanda ungemrudia mpishi usoni. Hakuna aliyejali. Kifunguamimba kazi yake ni kukosea. Kahawa ilishamiminwa, Pandu ameshasafisha koo, pale msafara wa Wizara ya Haraka ulipoingia na ving'ora vyake.

"Nani ametengeneza hili?" aliuliza Waziri Kimbiza, akilizunguka jiko.

"Sisi, Mheshimiwa. Karibu kahawa."

"Lini?"

"Leo."

Wasaidizi wake walishika vifua. Mmoja aliomba kiti.

"Limekwisha!" akasema Waziri. "Lichukueni."

"Halijakwisha, Mheshimiwa," alisema Mashavu. "Halijatukanwa."

Askari mmoja aliitazama bunduki yake kama anayeiomba ushauri. Mashavu akaeleza mila ya uwanja, kifunguamimba ni nini na kwa nini hakisifiwi, na Waziri akasikiliza huku macho yako kwenye saa, kwa sababu kusikiliza hakukuwa miongoni mwa majukumu ya wizara.

"Mama," akasema, "serikali haiwezi kuzindua kitu kilichotukanwa. Kinachotukanwa nchi hii ni cha wapinzani."

"Basi tulikunje upya kwanza. Tazama bamba hili, limeinamia mbele, moshi utarudi..."

"Kukunja upya ni kurudi nyuma, Mama. Sisi tumefika."

Wakalibeba. Na ili kuokoa muda, wizara ikaanza na hatua ya mwisho. Jiko halijaonja hata kijiti kimoja, likachorwa picha ya Baba wa Mwendo akitabasamu. Wachoraji walitafuta mahali panapoonekana vizuri na mtu aliyesimama mbele, wakapaona: ni lile lile bamba lililoinama. Kuanzia hapo nyundo isingeweza kuligusa kosa bila kumgusa Mkuu wa nchi shavuni.

Mashavu alikwenda wizarani kulalamika. Aliipata kwa shida, maana haikuwa na kibao. Akaambiwa asiwe na wasiwasi, mila ni fahari ya taifa: matusi yataruhusiwa siku ya uzinduzi, palepale shuleni kwa Bi Mosi, na atakayeyasoma ni mtu wa Uwanja wa Nyundo mwenyewe, ndugu Pandu. Likitukanwa hadharani, kwa mujibu wa mila, picha itashushwa kwa heshima na jiko litarudi uwanjani kukunjwa.

Pandu alimshika Mashavu mikono yote miwili. "Niachie mimi, dada. Kosa langu nalijua, si mimi niliyelikunja? Nitalitukana jiko lile mpaka lijikunje lenyewe."

"Usinifanyie mzaha, Pandu. Macho ya Mosi yale."

"Kwa ziwa la mama," akasema Pandu.

Baada ya hapo hakuna kiapo kingine. Mashavu akarudi kwenye bati lake, akakata vipande vya jiko la pili, akaviweka tayari.

*

Wizara ikaanza kumwita Pandu kwa ajili ya mazoezi. Mara ya kwanza alirudi akicheka, akawaigiza wakurugenzi wanavyokimbia kwenye korido wakiwa hawana pa kwenda. Mara ya pili alirudi na koti. Mara nyingine hakurudi siku hiyo, na alipotokea alikuwa anakunywa kahawa amesimama.

"Mwenzako kanenepa shingo," alisema Bi Kidawa, muuza vitumbua, ambaye habari zote za mji zilipitia kwenye karai lake kabla ya kwenda kwingine.

"Kanenepa kwa chakula chake. Kinakuuma nini?"

"Mimi? Hakiniumi. Nimesema shingo tu. Ila jana nilimwambia koti lake limempwaya kama kengele kwenye kichwa cha mwiko, na zamani angenirudishia tusi la kulala nalo. Unajua kaniambia nini? Kaniambia asante."

Mashavu aliweka mkasi chini. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Yule anakwenda kumchunguza nyoka apate kujua pa kumpiga. Pandu ni damu yangu. Si damu, ni maziwa yangu. Anayetaka kumsema aende akamsemee kwao."

Bi Kidawa akageuza kitumbua chake, akakitazama upande ulioungua.

*

Siku ya uzinduzi mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kusogea. Shule ilipakwa rangi upande unaotazama barabara. Mosi alivishwa sare mpya nyeupe, akasimamishwa karibu na jiko kama bibi harusi asiyemjua bwana. Uwanja wa Nyundo wote ulikuwa pale, Mashavu mstari wa mbele, amejifunga kanga yake ya sherehe, nyundo ndogo ameificha ndani yake kwa ajili ya baadaye.

Waziri Kimbiza alihutubia. "Ndugu wananchi! Wenzetu walianza na kufikiri, wakafuata na kujaribu, ndipo wakazindua. Muda ulioje waliupoteza! Sisi tumezindua kwanza. Kujaribu na kufikiri kutafuata, kutegemea hali ya bajeti." Makofi. "Na sasa, kwa mujibu wa mila zetu tukufu, namkaribisha Mtusi Mkuu wa Taifa."

Pandu akapanda jukwaani. Watu wa uwanja walianza kucheka kabla hajasema, kama ilivyokuwa desturi. Bi Kidawa alishika mbavu mapema. Pandu akalizunguka jiko. Akainama, akalitazama bamba alilolikunja kwa mikono yake, akamtazama Baba wa Mwendo aliyetabasamu juu yake. Akasafisha koo.

"Jiko hili," alisema Pandu.

Mashavu aliweka mkono kwenye nyundo.

"Jiko hili halina kasoro."

Uwanja wa Nyundo ukaangua kicheko. Walidhani ni mlango tu wa tusi, la kweli liko nyuma linakuja. Wakangoja. Pandu akaendelea. Akasema wembamba wa bati ni wembamba wa hekima. Akasema mlango wake ni mpana kama moyo wa serikali. Akafika kwenye bamba, na Mashavu, aliyekuwa bado anatabasamu kwa sababu uso wake ulikuwa haujaletewa habari, akamsikia ndugu yake wa ziwa moja akisema kwamba bamba limeinama mbele kwa unyenyekevu, kama kiongozi anavyowainamia watu wake.

"Pandu!" Mashavu alikuwa amesimama. "Pandu, bamba limekosewa! Sema! Wewe ndiye uliyelikunja!"

"Nani anasema uso wa Mkuu wa nchi umekosewa?" alinguruma Waziri.

Askari wawili wakamkalisha Mashavu chini kwa mabega. Nyundo ikadondoka kutoka kwenye kanga, ikaandikwa kuwa silaha. Pandu aliitazama ile nyundo pale chini, aliijua, mpini wake aliuchonga yeye. Akageuza macho akatazama bendera.

Jiko likawashwa, kwa kuni mbichi zilizoletwa na wizara kwa haraka. Moshi ukatafuta dohani, ukakutana na bamba, ukarudi mbele wote kwa pamoja, mnene kama mto wa kulalia, ukampiga Mosi usoni. Baba wa Mwendo akapotea ndani ya masizi kuanzia kidevu kwenda juu, na hakuna aliyethubutu kumpangusa. Mosi akakohoa mpaka akapinda. Machozi yakamchuruzika juu ya ile sare nyeupe.

"Machozi ya furaha!" alitangaza Waziri. Redio ikatangaza hivyo hivyo nchi nzima, ikaongeza kwamba majiko ya kizamani yalificha moshi angani, ila hili linamletea mwananchi mpaka alipo.

Mosi alikuwa amenyoosha mkono mbele, anapapasa. "Mashavu? Mashavu, uko wapi?"

Aliyekuwa karibu naye ni Pandu. Angeweza kumshika mkono. Mosi ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni utotoni na kumfuta makamasi. Akatoa leso yenye nembo ya wizara, akamwekea kiganjani, akasogea pembeni kupisha wapiga picha.

*

Kasi ikawa ya kweli sasa. Majiko ya namna ile yakafyatuliwa usiku na mchana, bamba limeinama mbele, tabasamu juu yake, yakapelekwa kila shule ya Tumefika. Wapishi wakatunukiwa Nishani ya Machozi. Jiko la pili, lile Mashavu alilolikata mapema, lilikunjwa sawasawa likatoa moshi juu kama muungwana, lakini lilipofikishwa shuleni wakaguzi walilikamata: halikuwa na picha, na bamba lake liliinama nyuma, jambo lililotafsiriwa kuwa ni kuipa serikali kisogo.

Masika ilinyesha yote. Ilipokwisha, Mosi alikuwa anawajua watu kwa sauti.

Mashavu akamhamishia uwanjani, akampa kiti cha karibu na birika la kahawa, kiti kile kile cha Pandu. Ikawa kifunguamimba kikisimama, kinapelekwa kwanza kwa Mosi. Anakipapasa kila pembe, taratibu, halafu anatukana. Alikuwa na matusi mafupi kuliko ya Pandu, na yalichoma zaidi.

Siku moja mchana, kahawa iko mkononi mwa kila mtu, gari lenye bendera likasimama. Akashuka Pandu. Shingo ilikuwa imeingia ndani ya kola kabisa. Hakuja na askari. Akasimama katikati ya uwanja, kwenye mahali pale panapowekwa kifunguamimba. Labda hakukusudia, labda miguu ilimpeleka yenyewe.

"Nimekuja mnitukane," akasema.

Watu wakatazama ndani ya vikombe vyao.

"Dada Mashavu, huko nilipo hawaniambii kitu. Nikivaa kiatu kushoto kulia, wananipigia makofi. Nikikosea jina la mtu, mtu anabadilisha jina. Sijui tena nimekaaje. Nitukaneni. Hata kwa masaa mazima, sitanyanyua mdomo. Halafu... halafu nione kama naweza kukunjwa upya."

Bi Kidawa alifungua mdomo. Jamani, mwanamke yule alikuwa na tusi alilolilea toka siku ya uzinduzi, limeshaota meno, limekuwa refu kama foleni ya sukari. Mashavu akamnyanyulia mkono. Bi Kidawa akalimeza, na kwa macho yake mtu angedhani amemeza kaa la moto.

Mosi akasema, "Mleteni."

Pandu akapiga magoti mbele ya kile kiti alichokuwa akikikalia yeye. Mosi akampapasa koti, kola, mashavu yaliyojaa, nywele zilizochanwa vizuri. Alipapasa kila pembe, kama kawaida yake. Pandu alikuwa amefumba macho, anangoja.

"Kitambaa kizuri," alisema Mosi. "Umependeza, mdogo wangu. Huna kasoro."

Akakigeuza kikombe chake mwenyewe kifudifudi juu ya mchanga.

"Hapana, dada Mosi," alisema Pandu. "Hapana. Nakuomba."

"Shingo imekukaa kiheshima," alisema Bi Kidawa, sauti inamtetemeka kwa jitihada, akapindua chake. Na mwingine akamsifu kwa mwendo, na mwingine kwa kiatu, na vikombe vikawa vinalala kimoja kimoja, kahawa ikizama mchangani, mpaka Pandu akabaki amemgeukia mmoja tu.

"Mashavu. Neno moja. Niambie mimi ni mbwa."

Mashavu alimtazama sana. Mkononi alikuwa na nyundo yake, ile yenye mpini aliochongewa, aliyoikomboa kwa faini. Uwanja mzima ukaitazama nyundo. Akaiweka chini, akachukua kikombe chake kilichokuwa bado kimejaa.

"Wewe ni mzima, kaka," akasema. "Hivyo hivyo ulivyo, umekwisha."

Akakipindua. Kisha akarudi kwenye bati lake, akaanza kukata.

Hadithi yangu ndiyo hiyo, na iliponifikisha ndipo hapa. Aliyeipenda anyamaze nayo. Mwenye kasoro aliyoiona asogee. Kikombe kiko, na kahawa bado ya moto.